Vijiti Kumi na Kimoja

Ndani ya mkoba wa mama yangu nilikuta vifurushi kumi na kimoja vya tishu, na ndani ya kila kifurushi tonge moja la chakula lililotafunwa kisha likatemwa. Kamba, kababu, kiazi, jibini. Yote yalikuwa yametafunwa sawasawa, kama afanyavyo mtu aliyekusudia kumeza. Na juu ya meza, mbele ya kiti chake, kulikuwa na vijiti kumi na kimoja vya kuchomea chakula, amevilaza sambamba, ncha zote zimeelekea ukutani. Vijiti hivyo nilikuwa nimeshavihesabu dakika chache kabla, nikafurahi.

Ilikuwa Jumamosi mchana, katika mkahawa mdogo wa Kihispania huko Madinat Sultan Qaboos, mtaa mmoja wa Maskati, mimi na mama peke yetu. Alikuwa amekwenda kunawa mikono. Katika familia yetu mkoba wa mama haufunguliwi na mtu. Hata akikutuma umchukulie dawa, unampelekea mkoba mzima. Mimi niliufungua.

Ili ieleweke nilivyofika hapo, lazima nirudi kwenye safari moja ya zamani. Kabla ya kazi niliyo nayo sasa, ya kuandika taarifa za wizara moja mtaa wa Al-Khuwair, nilikuwa mwandishi wa gazeti. Gazeti lilinipeleka Uhispania kwa mafunzo ya majuma matatu, na siku moja ya mapumziko wenyeji wetu walitupandisha kwenye vilima vya mashamba ya mizabibu. Mavuno yalikuwa yameanza. Barabara ya kijiji ilinuka zabibu zilizopondeka, na matrekta yalipita yakidondosha maji ya rangi ya zambarau kwenye lami. Tuliingia kwenye mkahawa wenye kaunta ndefu, chakula kimepangwa juu yake: vipande vidogo vidogo, kila kimoja kimechomwa kijiti. Wenzangu walikunywa mvinyo. Mimi nililetewa maji ya zabibu, matamu hata yakanikwaruza koo. Hakuna aliyeandika nani kala nini. Unajichukulia, unakula, unaweka kijiti mbele yako, na unapoondoka mwenye mkahawa anahesabu vijiti. Nilimwuliza kama watu hawamdanganyi. Alicheka, akasema wapo wanaoficha vijiti, lakini hajaona bado mtu wa kutoa kijiti bila kula. Niliyaandika maneno hayo kwenye daftari langu. Bado ninalo.

Niliporudi niliyasimulia haya Mabela, Ijumaa, mbele ya sinia.

Mama anakaa Mabela kwa kaka yangu mkubwa, na kila Ijumaa baada ya sala tunakusanyika huko kula. Sisi tulikuwa watu wa Tanga kabla ya kuwa watu wa Maskati. Mama alizaliwa kule, akaolewa kule, akaja huku na watoto wawili na sufuria zake, na nyumbani mpaka leo tunasema Kiswahili, Kiarabu kikiingia na kutoka. Chakula chetu ni cha sinia moja. Wali unamiminwa katikati, nyama au samaki juu yake, tunakaa chini kulizunguka, na kila mtu anakula upande wake kwa mkono wake.

"Watu wazima wamesimama wanakula vionjo?" Mama aliniuliza siku ile. "Hawana kwao?"

"Ndiyo raha yao, Mama. Kidogo kidogo, cha kila namna."

"Kidogo kidogo hulishwa mgonjwa."

"Huyu katumwa kusoma," kaka akasema, mdomo umejaa, "karudi na habari za vijiti."

Tangu hapo chakula kile kikaitwa vionjo nyumbani kwetu, na safari yangu ya Uhispania, iliyonigharimu makala sita, ikabaki kuwa mzaha wa Ijumaa.

Kwenye sinia mama ndiye mwenye amri. Yeye ndiye anayemega nyama na kuisogeza mbele ya huyu na yule. Mnofu kwa kaka, mfupa kwangu. Wali wa upande wake anausukuma kwa wajukuu waliokaa kulia na kushoto kwake, kwa hiyo upande wake huisha kabla ya zetu. Mkono wake haupumziki. Unafinyanga tonge, unakwenda kinywani mwa mjukuu, unarudi, unafinyanga jingine, unapanda kwenye kinywa chake, unashuka. Ukimwambia, "Mama, kula," anakujibu, "Nnakula, kwani hamnioni?" Na kweli tulikuwa hatumwoni. Mtu mwenye sahani yake, kilichobaki kinamsema. Sinia likiisha limeisha, na kila mmoja wetu alidhani mama kashiba kwa kuwa mbele yake palikuwa peupe.

Dalili nyingine zilikuwepo, na nikizipanga leo zinapangika kama taarifa ya habari. Alikuwa akifunga sunna Jumatatu na Alhamisi. Akaongeza siku nyingine, akasema analipa za ujana wake. Tukamsifu. Aliacha mkate wa kumimina, anaoupenda kuliko vyote, akasema unampandisha sukari. Tukamsifu. Kliniki ya sukari walimpima uzito wakamwambia maasha Allah, endelea hivyo hivyo, na kaka akapiga picha ile karatasi akaituma kwenye kundi la familia. Mimi nilijibu kwa alama ya makofi. Abaya zake ni pana. Uso ulipochongoka tukasema karudi usichana.

Kisha mwaka huu, joto lilipoanza, yeye mwenyewe akaulizia vionjo.

"Hivi havipo hapa Maskati, vile vionjo vyako?"

Nikamwambia kumefunguliwa mkahawa mmoja, sijaenda bado.

"Basi nipeleke. Weye na mie tu. Hao wengine watanipigia makelele."

Binti wa kaka alikuwa anaolewa, nyumba imejaa mafundi na masanduku, na nilidhani mama anataka kupumua kidogo. Nilidhani pia, nakiri, kwamba anataka kukaa na mimi. Nilifurahi juma zima.

Mkahawa uko kwenye safu ya maduka, kati ya duka la maua na la miwani. Mwenyewe amejitahidi kuigiza kijiji cha mizabibu: ukutani kuna picha kubwa ya vilima vilivyopandwa mistari mistari, na meza ni mapipa ya mbao yaliyosimamishwa. Mvinyo hauuzwi. Kuna maji ya zabibu na ya komamanga kwenye mitungi ya kioo.

Mama alisimama mbele ya pipa, hakukaa.

"Pipa hili lilikuwa la nini?"

"La mapambo, Mama."

"Nakuuliza lilikuwa la nini."

"Jipya. Halijatiwa kitu."

Akainama akalinusa, watu wa meza ya pili wakimtazama. "Linanuka vanishi," akasema. "Haya. Vanishi si haramu." Akakaa. Akaitazama ile picha muda mrefu. "Zabibu zote hizo, na hakuna hata mmoja aliyeanika?"

Aliyetuhudumia alikuwa Mkenya, mwanamke wa makamo, msalaba mdogo shingoni. Alitusikia tunavyosema, akabadilisha lugha papo hapo.

"Karibuni sana. Kumbe ni watu wa nyumbani."

"Nyumbani wapi?" Mama akamwuliza.

"Kenya, mama. Nyeri."

"Basi jirani. Sie Tanga."

"Ndiyo maana. Hicho Kiswahili chenu kinafanya mtu aogope kufungua mdomo."

"Ufungue tu, mwanangu. Sie wenyewe tumekuja kufungua midomo."

Walicheka wote wawili. Nilikuwa sijamsikia mama akicheka hivyo tangu mwezi wa Ramadhani.

Vikaja vionjo kwenye visahani. Kamba wa kitunguu thomu. Jibini na zeituni. Vipande vya viazi vilivyokaangwa na mayai, vikakatwa miraba.

"Hii si chipsi mayai hii?"

"Ni yao, Mama. Ina jina lake."

"Jina lake chipsi mayai." Zilipokuja kababu za mviringo kwenye rojo la nyanya alitikisa kichwa. "Nimetoka Mabela, nimepita wizara zote za serikali, kuja kula kababu."

Lakini alikula. Hivyo ndivyo nilivyoona. Alichukua kipande, akachomoa kijiti, akakilaza mbele yake, akatia kipande kinywani, akatafuna taratibu macho yake kwenye ile picha, kisha akachukua tishu akajifuta midomo. Kila kipande, tishu. Mama ni mtu wa usafi. Alitulea kwa kufutwa midomo. Tulizungumza habari za harusi, nani kaalikwa na nani kajialika, na hadithi zake zilikuwa ndefu, na kila alipofika penye kuchekesha aligeuza uso akajifuta. Mara mbili aliomba tishu zaidi. Ikaja supu yao baridi ya nyanya, kwenye glasi fupi.

"Mchuzi umepoa huu," akasema.

"Ndivyo unavyonywewa."

Akaonja. Akainywa yote bila kuishusha glasi, akaomba ya pili, akainywa hiyo pia, na macho yakamlegea kama mtu aliyetua mzigo. Nikaandika kichwani: kaipenda supu. Nikahesabu vijiti, vyangu tisa, vyake kumi na kimoja.

"Leo umenishinda, Mama."

"Vidogo hivi vinadanganya," akasema, akainuka kwenda kunawa. Mkoba aliuacha kitini.

Yule Mkenya alikuja upande wangu akainama kama anayefuta meza.

"Dada, pole. Nataka kukuambia kitu na usinikasirikie."

"Sema."

"Mama hajakula."

Nikamwonyesha vijiti. "Amekula. Hesabu."

"Hizo nimeziona. Lakini nimeleta tishu mara tatu kwa hii meza, na nikitoa sahani sioni hata tishu moja imetumika. Zinaenda wapi? Mimi kazi yangu ni kutoa vyombo, dada. Naona kile kimerudi na kile hakijarudi."

"Labda kazitia mfukoni. Ni mtu wa usafi."

"Labda. Angalia hapo kwa mkoba. Ukikosa kuona kitu, unisamehe, na nitaomba msamaha kwa mama pia."

Nilikasirika. Kuna namna ya hasira inayomjia mtu anayeambiwa na mgeni habari za nyumbani kwake, na kwangu ilizidi, kwa sababu maisha yangu yote nimelipwa kwa kuona. Nikafungua mkoba ili nimwonyeshe amekosea. Vifurushi vilikuwa vimepangwa chini, kando ya tasbihi na kikasha cha dawa za sukari, vimebanwa vizuri visivuje. Nilifungua kimoja, kisha kingine, mpaka cha nne, kisha nikaacha kufungua nikawa nahesabu tu.

Yule mwanamke hakutazama ndani. Alikwenda jikoni akarudi na kikombe cha karatasi chenye kifuniko.

"Hii supu ndiyo imeshuka," akasema. "Nimemwona koo ikimeza. Nimemwekea ingine."

Mama aliporudi nilikuwa nimeshaufunga mkoba. Niliufunga mpaka mwisho, na hapo ndipo nilipokosea, kwa sababu zipu ile inakwama na yeye huiacha wazi kidogo. Aliitazama zipu. Akanitazama mimi. Akaviokota vile vijiti kumi na kimoja, akavitia kwenye kisahani, akasema, "Twende."

Tulikuwa tumeshafika kwenye barabara kuu, majengo ya Al-Khuwair yakipita kushoto.

"Hakishuki," Mama akasema.

"Nini?"

"Chakula. Kinafika hapa," akagusa chini ya shingo, juu ya kifua, "kinasimama. Zamani nkinywa maji kinakwenda. Sasa maji nayo yanasimama juu yake, mpaka nkatapike."

"Tangu lini?"

"Endesha gari."

"Mama, tangu lini?"

"Usiniulize kama unaniandika gazetini."

Nikaendesha. Nilijaribu kukumbuka mara ya mwisho nilipomwona akimeza kitu kigumu, sikuikumbuka, na nikagundua kwamba sikuwa nimewahi kuangalia. Nikamwuliza jambo jingine, ambalo ningeweza kuliacha. Nilimwuliza kwa nini basi alitaka tukale.

Alikuwa ameshika kile kikombe cha supu kwa mikono miwili juu ya mapaja.

"Nlidhani vidogo vile vitapita," akasema. "Tangu uliposimulia nnavifikiria. Nkasema labda shida ni tonge. Labda tonge zetu kubwa."

Nilisimamisha gari pembeni, taa za tahadhari zikiwaka, lori moja likatupigia honi ndefu. Sikulia. Sijui kwa nini naliandika hilo. Pengine kwa sababu yeye alinitazama kuona kama nitalia, na aliporidhika kwamba silii, alianza kunipangia mambo.

Kaka asijue. Wala wifi, wala bibi harusi. Harusi ikishapita atakwenda hospitali popote ninapotaka. Lakini kaka akijua sasa ataahirisha.

"Atavunja shughuli ya mtoto kwa ajili ya koo la bibi yake," alisema.

"Ni koo lako, Mama."

"Ndiyo nnasema, langu. Yule mtoto nimemlea mie. Sitaki akumbuke harusi yake kwa ugonjwa. Sema wallahi hutamwambia."

"Mama."

"Sema."

Nikasema. Mtu ambaye hakulelewa nyumbani kwetu atashangaa kwamba mwanamke wa umri wangu, mwenye ofisi na gari, anaweza kufungwa na neno moja alilolisema kando ya barabara. Lakini niliapa kwa jina la Mungu, mbele ya mama yangu, na alinifanya nilirudie.

Juma lililofuata nilimpeleka kwa daktari, Mabela tukiaga kwamba tunakwenda kupima miwani. Daktari aliuliza maswali yale yale niliyouliza mimi, na mama akamjibu nusu nusu kwa Kiarabu cha heshima. Tangu lini? Si zamani. Kilo ngapi zimepungua? Sukari inapungua, alhamdulillah. Daktari aliandika barua ya hospitali ili apigwe kamera ya kooni, kisha akanitoa nje, kwenye ujia, akanieleza kwa sauti ya chini. Kigumu kilianza kukwama, sasa hata kilaini kinakwama, na uzito unakwisha. Hakutaja jina la ugonjwa. Alisema ni jambo ambalo yeye asingelingojea majuma.

Hospitali ikatoa miadi: Jumatatu, saa moja na nusu asubuhi, aje bila kula. Harusi ni Alhamisi ya juma hilo hilo.

Mama aliisoma karatasi kwa mbali, kama anavyosoma kila kitu. "Jumatatu hiyo ndiyo hina," akasema.

"Hina ni usiku. Hii asubuhi."

"Nitarudi nimelegea, watu wananitazama. Tukifika tutaona." Akaikunja, akaitia mkobani, akavuta zipu, akaiacha wazi kidogo.

Tukifika tutaona. Nimelisikia neno hilo maisha yangu yote na najua matumizi yake mawili. Kuna wakati lina maana ya ndiyo, akiona aibu kukubali. Kuna wakati lina maana ya hapana, akikuonea huruma. Sauti ni ile ile.

Nilirudi kwenye ule mkahawa siku moja baada ya kazi, peke yangu, nikamwomba yule Mkenya anieleze supu inavyopikwa. Aliniandikia nyuma ya karatasi ya oda: nyanya, tango, pilipili boga, kitunguu thomu, mkate uliolowekwa, mafuta ya zeituni, siki. Chini akaongeza: uchuje mara mbili. Hakuniuliza mama anaendeleaje. Aliniuliza tu, "Inashuka bado?" Nikasema inashuka. "Basi mpe kila siku," akasema, na kwa mara ya kwanza nilimwona hana la kuchekesha.

Kwa hiyo sasa kila jioni natoka Al-Khuwair kwenda Mabela na chupa ya supu. Nimewaambia ni ya kushusha sukari. Wifi ameniomba maelezo ya upishi ili naye apungue kabla ya harusi, nikampa. Mama hunywa vikombe viwili, polepole, mlango wa chumba umefungwa, na mimi nakaa ukingoni mwa kitanda nikitazama koo lake. Nimekuwa mtu wa kutazama koo. Ofisini watu wakinywa chai naangalia koo la kila mmoja linavyopanda na kushuka.

Kuna jambo nililolitafuta na kulipata, na halinisaidii. Kiapo kinaweza kuvunjwa, na kikivunjwa kina kafara yake: kulisha maskini kumi. Nililijua tangu madrasa, nikamwuliza tena sheikh mmoja kwa simu, bila kusema kiapo ni cha nini, akathibitisha. Nimenunua gunia la mchele. Liko kwenye buti la gari langu, siku ya kumi na mbili leo. Kila ninapopiga breki nalisikia linasogea. Nimesimama na kaka yangu uani mara tatu, tukizungumza habari za mahema na maegesho, mdomo wangu umeshafunguka, na kila mara nimemwona mama dirishani. Hanionyi kwa lolote. Anatazama tu, halafu ananiita niende nikashike ncha ya kitambaa.

Ijumaa iliyopita tulikuwa watu tisa kwenye sinia. Niliweka mkono wangu kwenye wali, nikawa nahesabu wa kwake. Ulipanda kinywani mara ishirini na sita. Mara nne ulikuwa na kitu, na hizo mara nne alifuta midomo baadaye. Mara nyingine zote tonge liliishia kwa mjukuu wa kushoto, au lilirudi kwenye wali likiwa zima, na vidole vikapanda vitupu, vikagusa midomo, vikashuka. Kinywa kilitafuna. Ni kazi ya ustadi. Mtu anahitaji miaka kuijua, na nilipofikiri hivyo niliacha kuhesabu.

"Mnaona?" kaka akasema, akilitazama sinia lililokuwa jeupe mbele ya Mama. "Mama leo kala. Furaha ya harusi hiyo."

"Alhamdulillah," wakasema wote.

Mama alinitazama. Nikasema alhamdulillah.

Leo ni Jumapili. Miadi ni kesho. Jana jioni nilipeleka supu kama kawaida, nikamtilia kikombe cha kwanza, akaanza kunywa, nami nikaanza kumweleza mpango wangu: nitafika saa kumi na mbili na nusu, tutasema tunakwenda kuchukua maua, saa tano atakuwa amerudi na hakuna atakayejua. Alinisikiliza bila kunikatiza. Kabla hajajibu, bibi harusi akamwita kutoka chumba cha pili aje aone gauni limekaaje mgongoni.

"Naja, mama," akajibu. Akaweka kikombe juu ya meza ya kando, akajifuta midomo, akatoka.

Nilimngoja. Nilimsikia akicheka kule, akisema mshono wa bega umepinda. Hakurudi. Kikombe kilikuwa cha kwanza na kilikuwa nusu. Siku zote nyingine alimaliza viwili. Nilikiinua nikakiangalia kwenye mwanga. Sijui kama alikiacha kwa sababu aliitwa, au kwa sababu supu nayo imeanza kusimama.